Mkojo wa Paka Kwenye Zulia: Unaharibu Nini, na Kipi Kinaweza Kuokolewa

Huku kwetu pwani paka si mgeni wa mtu. Lamu wamejaa vichochoroni, Mji wa Kale wa Mombasa hakuna baraza lisilo na wawili watatu wamejinyoosha, na nyumba nyingi hazimfungii mlango. Anaingia, anapewa kichwa cha samaki, kisha anatafuta pahali laini pa kulala. Mara nyingi pahali penyewe ni zulia la ukumbini.

Siku akikojoa hapo, nyumba nyingi hufanya mambo mawili. Kwanza husugua kwa maji na sabuni ya unga mpaka povu lijae. Kisha huwashwa chetezo, udi ukafuka, na kesho yake kila mtu amesahau. Funika kombe mwanaharamu apite. Taabu ni kwamba mwanaharamu mwenyewe hapiti. Mvua za masika zikianza, uvundo unarudi palepale, pengine mkali kuliko siku ya kwanza. Wageni wakiketi hawasemi kitu, lakini pua haina adabu.

Nimeona niliandikie jambo hili kwa kirefu kwa sababu hasara yake si ndogo. Kuna watu wametupa mazulia yaliyoweza kuokoka, na wengine wamelipa pesa nyingi kusafishiwa zulia ambalo lilikwishakufa. Kuna waliomfukuza paka kwa kosa la usafi wao wenyewe. Na kwa sisi tunaoswali juu ya mazulia hayo hayo, kuna suala la tahara ambalo udi hauwezi kulijibu.

Mkojo hauko pale unapouona

Zulia lina tabaka. Juu kuna nyuzi, ambazo ndizo tunazokanyaga. Chini yake kuna msingi, yaani kitambaa ambacho nyuzi zimefungwa au kubandikwa. Mazulia ya mashine huongezwa gundi na mgongo wa juti au plastiki. Wengine hutandika spanji chini yake. Mwisho kuna sakafu.

Mkojo ni maji, na maji hushuka. Doa ambalo juu lina ukubwa wa kiganja, chini linaweza kuwa na ukubwa wa sahani ya pilau, kwa sababu likifika kwenye msingi au spanji husambaa pembeni. Anayesugua juu anasafisha mlango ambao mwizi ameshaupita. Zaidi ya hayo, maji machache ya kusugulia huusukuma mkojo uingie ndani zaidi.

Hebu tuutazame mkojo wenyewe. Ukitoka mwilini, mkojo wa paka kwa kawaida una asidi kidogo, na harufu yake bado si kali. Ndani yake mna maji, chumvi, yurea, asidi ya yuriki, rangi ya manjano, na kitu ambacho ni cha jamii ya paka hasa, kinachoitwa felinini, chenye salfa ndani yake. Paka dume ambaye hajahasiwa, yule tunayemwita shume, anayo kwa wingi zaidi. Felinini ikianza kuvunjika ndipo hutoa ule uvundo ambao hata mwenye mafua anautambua.

Wakati huo huo bakteria huanza kuigeuza yurea iwe amonia. Amonia ni alkali. Hapo mkojo unageuka tabia, kutoka asidi nyepesi hadi alkali, na mgeuko huo ndio chanzo cha hasara kubwa. Sufi ni protini, kama nywele za kichwani mwako, na alkali huila protini polepole. Rangi nyingi za sufi nazo hushikishwa kwa asidi, kwa hivyo alkali ikija zinaachia. Ndiyo sababu zulia lenye maua mekundu juu ya rangi ya maziwa huonekana wekundu umetambaa mahali paka alipokojoa, kama wino kwenye karatasi iliyorowa.

Maji yakikauka, hubaki chumvi na fuwele za asidi ya yuriki. Fuwele hizi haziyeyuki kwa urahisi majini, na ndiyo maana kusuuza mara moja hakutoshi. Chumvi nazo zina tabia ya chumvi yoyote, hunyonya unyevu wa hewa. Kila mpishi wa Mombasa anajua chumvi ya jikoni inavyorowa yenyewe siku za mvua bila mtu kuitia maji. Zulia lenye mkojo mkavu hufanya vivyo hivyo. Unyevu ukipanda chumvi inarowa, bakteria wanaamka, harufu inafumka upya. Mtu wa bara kukavu anaweza kukaa na zulia la namna hii miezi mingi asijue. Sisi wa pwani hatuna bahati hiyo, na pengine ni heri, maana angalau tunajua.

Lijue zulia lako kwanza

Kwa vizazi vingi majahazi yaliyokuja na upepo wa kaskazi kutoka Ghuba yalishusha mazulia ya Kiajemi bandarini Mombasa, pamoja na tende na masanduku. Kuna nyumba ambazo zulia la bibi bado limetandikwa chumba cha wageni. Mengi ya hayo ni ya sufi juu ya msingi wa pamba, yamefungwa fundo kwa fundo kwa mkono. Zulia kama hilo ndilo linaloumizwa zaidi na mkojo, na ndilo hilo pia linaloweza kuoshwa vizuri zaidi, kwa sababu halina gundi. Sufi ina tabia nyingine ya kuhadaa. Inaweza kunywa unyevu karibu thuluthi ya uzito wake kabla ya mkono wako kuhisi kwamba imerowa. Kwa hivyo "limekauka" la mkono si lazima liwe limekauka kweli.

Mazulia mengi tunayonunua sasa ni ya mashine, ya polipropilini au polista. Nyuzi zake ni plastiki, hazinywi mkojo. Watu husikia hivyo wakafurahi, lakini maana yake ni kwamba mkojo wote hushuka moja kwa moja kwenye mgongo. Kama mgongo ni wa juti, hunywa, hugeuka kahawia, na kahawia ile inaweza kupanda juu wakati wa kukauka. Kama kuna gundi, mkojo uliokaa huilegeza mpaka tabaka zikaachana.

Halafu kuna yale yanayong'aa, muuzaji akakuapia kwamba ni hariri. Mengi ni viskosi, ambayo ni hariri bandia inayotengenezwa kwa mbao. Viskosi ikirowa hupoteza nguvu, ikisuguliwa hupoteza mng'aro, na hata maji matupu yanaweza kuiachia alama ya manjano. Kwa zulia hilo, mkojo wa mara moja tu unaweza kuwa ndio mwisho wa uzuri wake.

Ukitaka kujua lako ni la nini, chomoa nyuzi mbili tatu kutoka ukingoni uziunguze mbali na zulia, juu ya sinki. Sufi hunuka nywele zilizoungua na majivu yake huvunjika mkononi. Pamba na viskosi hunuka karatasi. Plastiki huyeyuka ikaganda kama ushanga mweusi. Ngoja ipoe kabla ya kuigusa.

Mikeka ya ukindu na mwaa ni habari nyingine. Haina nyuzi za kuficha, na mkojo mbichi hutoka kwa maji na kukaushwa upesi. Ukiachwa, huacha doa la kudumu na kuleta ukungu, na hapo ni rahisi zaidi kununua mkeka mpya kuliko kuhangaika.

Saa ya kwanza

Kama umemkuta paka palepale, una nafasi nzuri kuliko utakayokuwa nayo tena. Usisugue. Chukua taulo kavu au kanga kuukuu nyeupe, uikunje, uigandamize juu ya doa kwa uzito wako wote. Simama juu yake ikibidi. Badilisha upande mkavu, urudie mpaka isichukue kitu tena. Kisha inua zulia, uweke taulo jingine chini, kwa sababu nusu ya mkojo iko huko.

Baada ya hapo mimina maji baridi kidogo, gandamiza, mimina tena, gandamiza. Maji ya moto hayafai, kwani husaidia doa kushika, na kwenye sufi hulegeza rangi. Fanya hivyo mara nne au tano. Kwa mkojo mbichi, maji baridi na mikono yenye subira ni nusu ya kazi.

Kabla ya kutia kitu kingine chochote, pima rangi. Rowesha kitambaa cheupe kwa dawa unayotaka kutumia, ukigandamize kwenye pembe isiyoonekana kwa dakika chache. Kitambaa kikitoka na rangi, simama hapo. Zulia hilo ni la fundi.

Rangi ikiwa imara, changanya kikombe kimoja cha siki nyeupe na vikombe vitatu vya maji baridi. Siki ni asidi, kwa hivyo inaipinga alkali ambayo ingeanza kuzaliwa, na haiitishi rangi za sufi. Mimina kidogo, acha dakika chache, gandamiza, kisha suuza kwa maji matupu. Harufu ya siki itatoka zulia likikauka. Ukihitaji sabuni, tumia tone la shampuu ya nywele ndani ya maji mengi, si sabuni ya unga. Sabuni ya unga ya kufulia nyingi ni alkali, na unakuwa umemsaidia adui.

Bekingi soda, ile ya kuokea keki, ina sifa kubwa mitandaoni. Kwa zulia la plastiki, ukiinyunyiza likiwa kavu na kuifyonza kwa mashine kesho yake, hupunguza harufu ya juu. Haifiki chini, na haimalizi kazi. Kwa sufi sipendi, kwa sababu nayo ni alkali na punje zake hubaki ndani ya fundo.

Sasa jambo ambalo naomba lisipitwe. Usitie dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ile yenye klorini tunayoiita Jik. Kwanza huyeyusha sufi na hariri, na rangi huondoka isirudi. Pili, klorini ikikutana na amonia ya mkojo hutoa hewa yenye sumu inayochoma koo na mapafu. Ndani ya chumba kilichofungwa, mwenye pumu anaweza kuishia hospitali. Ikichanganywa na siki ni vibaya vilevile. Na zile dawa za sakafu zenye amonia, kwa pua ya paka zinanuka kama mkojo wa paka mwenzake. Utakuwa umemwekea kibao cha choo.

Mkojo wa zamani

Hapa mambo ni magumu zaidi, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Kwanza tafuta madoa yote. Ile tochi ndogo ya mwanga wa zambarau wanayotumia wenye maduka kukagua noti bandia inafaa sana. Zima taa usiku, imulike juu na chini ya zulia. Mkojo uliokauka hung'aa manjano au kijani hafifu. Usishtuke ukiona mengi, ingawa si kila kinachong'aa ni mkojo, maana sabuni iliyobaki nayo hung'aa. Thibitisha kwa pua.

Kwa mkojo mkavu siki peke yake haitoshi, kwani haiyeyushi fuwele zile ipasavyo. Kinachofanya kazi ni dawa zenye vimeng'enya, zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya wanyama na baadhi ya supamaketi. Vimeng'enya huvunja vitu vinavyonuka badala ya kuvifunika. Lakini vina masharti yake. Dawa lazima ifike kila pahali mkojo ulipofika, pamoja na chini, kwa hivyo kupuliza juu juu ni kupoteza pesa. Lazima pabaki na unyevu kwa saa kadhaa, mara nyingine usiku kucha chini ya plastiki. Na kama ulitangulia kutia dawa ya kuua vijidudu, suuza kwanza, la sivyo itaua hata kile ulichokinunua. Kwa sufi na hariri soma kibandiko, maana baadhi ya vimeng'enya hula protini, na zulia lako ni protini. Kama hakikutaja sufi, usikitie.

Zulia la sufi lililokojolewa mara nyingi halitengenezwi kwa chupa ya dawa hata kidogo. Linataka kuoshwa lote: kumwagiwa maji mengi, kukamuliwa, kumwagiwa tena mpaka yatoke safi na yasiyonuka. Mafundi wanaokuja nyumbani na mashine ya mvuke hawawezi kufanya hivyo sebuleni. Mashine yao husafisha juu, na joto la mvuke linaweza kufanya doa na harufu vishike zaidi. Kabla ya kulipa, uliza zulia litapelekwa wapi, litaloweshwa au litapigwa brashi tu, rangi itapimwa vipi, na litakaushiwa wapi. Fundi anayekujibu "usijali" bila kuligeuza zulia kutazama mgongo wake, mimi singempa.

Swali moja huulizwa na wachache na lina uzito hapa kwetu: maji yatoka wapi? Visima vingi kisiwani Mombasa vina maji ya chumvi. Kusuuza zulia kwa maji hayo ni kuondoa chumvi ya paka na kutia chumvi ya kisima. Litabaki kunyonya unyevu, litakuwa gumu, na halitakauka kisawasawa. Kama hamna budi kutumia kisima kwa kuosha, basi suuzo la mwisho liwe la maji matamu.

Na msimu una neno lake. Kuosha zulia la sufi mwezi wa tano, mvua ikiwa haikati, ni kuliombea ukungu na kuoza. Januari na Februari, kaskazi ikivuma na jua kali, zulia hukauka upesi. Litandaze juu ya boriti kadhaa ili hewa ipite pande zote mbili, mgongo ukielekea jua, maana jua la moja kwa moja huchuja rangi. Usilitundike zulia la zamani kwa ukingo mmoja. Sufi iliyorowa ni nzito, na msingi wa pamba uliodhoofika hupasuka kwa uzito wake.

Najisi na maji

Wengi wetu pwani tunafuata madhehebu ya Imam Shafi, kwa hivyo nataja yaliyo mashuhuri humo. Mwenye suala lake mahsusi amuulize sheikh wake.

Paka mwenyewe ni tohara, na maji aliyoyanywa hubaki tohara. Mkojo wake ni najisi. Kuitoharisha sehemu hiyo ni kuondoa dhati ya najisi kwanza, kisha kupitisha maji mpaka sifa zake ziondoke. Umejitahidi, ikabaki rangi peke yake au harufu peke yake isiyotoka, hiyo husamehewa. Zikibaki zote mbili pamoja, kazi haijaisha. Jua kulikausha doa hakutoshi, na siki na vimeng'enya ni vya kusafisha tu. Kinachotoharisha ni maji.

Kuna jambo dogo ambalo watu hukosea. Ukichukua mswala wenye mkojo ukautumbukiza kwenye beseni la maji machache, maji yenyewe yananajisika. Maji ndiyo yamwagwe juu ya mswala. Na ajabu yake ni kwamba fundi wa mazulia angekwambia hivyo hivyo: maji yaje juu yakiwa masafi, yaondoke na uchafu, yasikae ukauzungusha uchafu ule ule.

Inajulikana habari ya bedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.) Madina, akaachwa amalize, kisha ikaamriwa imwagwe ndoo ya maji pale. Pale palikuwa ardhi ya udongo, na udongo hunywa maji. Misikiti yetu ya leo ina mazulia ya ukuta hadi ukuta, na mara nyingi spanji chini yake. Ukimwaga ndoo hapo bila kuyaondoa maji, unaacha bwawa chini ya safu ya pili. Kamati nyingi za misikiti zingefaidika na mashine moja ya kufyonza maji: mimina, fyonza, mimina, fyonza, kisha feni usiku kucha. Haitakuwa ghali kuliko kung'oa zulia zima kila baada ya miaka michache.

Mkojo wa mbwa ni najisi nzito, na hukumu yake ni kuosha mara saba, mojawapo kwa maji yenye udongo. Kwa zulia, udongo laini uliochujwa na kuchanganywa na maji mengi, kisha suuzo nyingi, huzuia matope kubaki ndani ya nyuzi.

Kisichorudi

Harufu mara nyingi inaondoka. Rangi ni habari nyingine. Wekundu uliotambaa kwenye rangi ya maziwa, fundi bingwa anaweza kuupunguza, lakini mara chache huutoa wote. Pahali palipochujuka hapana rangi ya kusafishwa, ni ya kupakwa upya. Manjano kwenye sufi nyeupe iliyokaa na mkojo miezi mingi mara nyingi ni ya kudumu, kwa sababu si uchafu ulio juu ya uzi, ni uzi wenyewe uliogeuka.

Kibaya zaidi ni kuoza kwa msingi. Likunje zulia taratibu pahali palipokojolewa, uligeuze, uuangalie mgongo na kusikiliza. Ukisikia mlio kama wa kuvunjika makuti makavu, au pahali hapo pamekuwa pagumu kuliko pengine, pamba imekwisha. Zulia hilo ukiliosha linaweza kutoka na tundu. Fundi mwaminifu atakuonyesha kabla hajalitia maji. La mashine lililoachana tabaka nalo usilipie, kwani gharama ya kulisafisha inaweza kukaribia bei ya jipya. La bibi lililooza sehemu moja linaweza kukatwa kipande na kufumwa upya na mjuzi, ila hiyo ni kazi ya miezi na mfuko mzito, na ni wewe unayejua kama kumbukumbu hiyo ina thamani hiyo.

Kabla ya kulirudisha

Zulia limeoshwa, limekauka, linanukia. Linatandikwa palepale, na baada ya wiki mbili uvundo umerudi. Fundi anatukanwa bure, kwani aliyenuka ni sakafu. Simiti ina vitundu na hunywa mkojo, mistari ya katikati ya vigae vilevile, na dari za zamani za boriti na chokaa kwenye nyumba za Lamu hunywa zaidi. Osha sakafu kwa dawa ya vimeng'enya, suuza, acha ikauke siku mbili. Spanji iliyokojolewa itupwe, haina dawa.

Kisha mtazame paka. Mara nyingi anarudia pahali penye harufu yake, na kukiwa hakuna harufu, nusu ya sababu imeondoka. Mwekee karai la mchanga pembeni, mbali na chakula chake, na mchanga ubadilishwe, kwa maana paka hapendi choo kichafu kama vile wewe usivyopenda. Shume anayerusha mkojo kwenye makochi na kuta anaweka mpaka wa himaya yake, na kumhasi kwa daktari wa mifugo hupunguza sana tabia hiyo pamoja na ukali wa harufu.

Lakini kama ni paka aliyekuwa msafi miaka yote, ghafla akaanza kukojoa ovyo, huenda ni mgonjwa. Na dume akionekana anachuchumaa mara kwa mara, analia, na hakitoki kitu au linatoka tone, njia ya mkojo imeziba. Huyo si wa kungojea kesho. Anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili, kwa hivyo apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, na zulia lingoje.